Urani ya mbuga ya Bahi inatoka wapi, na maji ya kisima tunywe au tuache?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi kijiji cha kando ya mbuga ya Bahi, huku Dodoma. Maji tunachota kisima cha pampu ya mkono. Yana chumvichumvi, sabuni haitoi povu vizuri na sufuria inashika ukoko mweupe. Miaka ile kampuni zilikuja kutafiti urani, zikachimba mashimo, zikaondoka. Sasa shemeji yangu anasema walifungulia sumu iliyokuwa imelala chini. Mjomba anasema hapana, sumu inaletwa na mto Bubu kutoka milima ya Kondoa kila kifuku. Juzi mwanangu kaokota bonge la chokaa lenye unga wa njano ndani. Mimi huwa nachemsha maji, je, inatosha? Samaki na mchele wa huku tule? Au tuhame?"

Marahaba, mama. Umeuliza mengi kwa mpigo, ila yote yanakutana sehemu moja: urani inatembeaje kutoka mlimani, inakwama wapi, na inaingiaje kwenye ndoo yako. Nikupe kwanza majibu ya haraka. Hakuna sababu ya kuhama. Kuchemsha hakuondoi urani hata kidogo. Na kati ya ndugu zako wawili, mjomba yuko karibu zaidi na ukweli, japo neno "sumu" amelitamka kabla ya wakati. Kama kisima chenu kimezidi kiwango au hakijazidi, hakuna atakayekuambia kwa kuyaonja maji wala kuyatazama. Yanapimwa, na nitakueleza namna ya kuyapima.

Turudi mlimani. Sehemu kubwa ya Dodoma na Singida imekaa juu ya granaiti ya kale mno, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yale majabali unayoyaona yamesimama peke yake kila upande ukisafiri kwenda Manyoni ndiyo hayo. Granaiti ya kawaida, popote duniani, ina urani ya gramu 3 hadi 5 katika kila tani ya jiwe. Ni kidogo. Lakini hesabu tani zilizomo kwenye mlima mmoja, halafu mpe mvua maelfu ya miaka ya kuula mlima huo punje kwa punje, na utaona urani hii haikuhitaji mtu wa kuileta.

Si urani yote inayotoka kwenye jiwe. Nyingine imefungwa ndani ya punje za zirkoni, madini magumu ambayo mvua haiyawezi. Punje hizo husafiri hadi mbugani na urani yake tumboni, na hukaa nayo. Inayotoka ni ile iliyo kwenye nyufa, kwenye kingo za punje na kwenye madini laini. Maji ya mvua yanaponyesha hunyonya hewa ya ukaa, na yakipita kwenye udongo wenye mizizi hunyonya nyingi zaidi. Yanakuwa na uchachu kidogo. Uchachu huo ndio unaolegeza jiwe, na ndio pia unaozaa kitu kiitwacho bikaboneti, ambacho kwenye safari ya urani ni kama nauli: bila hicho haifiki mbali.

Hapa naomba uvumilivu kidogo, maana ndipo penye kiini cha mambo. Urani ina hali mbili. Ikiwa mahali penye oksijeni, huyeyuka na kwenda na maji. Ikikosa oksijeni, hugeuka, ikajitenga na maji, ikaganda kwenye tope au jiwe. Ile iliyoyeyuka ikiwa peke yake hupenda kujibandika kwenye udongo wa mfinyanzi na kwenye kutu ya chuma, ule wekundu wa ardhi yetu. Lakini ikishikana na bikaboneti na kalsiamu haijibandiki tena kirahisi. Inapita. Kwa hiyo maji magumu, yale yanayokataa povu na kuacha ukoko kwenye sufuria, yana uwezo mkubwa zaidi wa kubeba urani kuliko maji laini. Sisemi kwamba ukoko wako ni urani. Ukoko ule karibu wote ni chokaa tu na haudhuru. Ninachosema ni kwamba maji ya aina yako ni ya kupimwa, si ya kukisiwa.

Kuna njia mbili za kushuka kutoka milimani, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni hiyo ya kuyeyuka: maji yanazama, yanapita polepole kwenye nyufa za mwamba, yanakaa huko miaka mingi, yanaokota urani kidogo kidogo. Hii haionekani, haina rangi wala harufu. Ya pili ni ya tope. Mvua kubwa ikipiga Kondoa, makorongo yanaleta udongo mwekundu, na urani iliyobandikwa kwenye udongo huo inakuja nao. Kondoa imemomonyoka vibaya kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wazee bado wanauita HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Nenda Ziwa Haubi, kwenye vilima vya Irangi, uone jinsi udongo wa milima unavyoweza kukijaza kiziwa. Kila kilichotoka juu kinasomeka pale kwenye matabaka ya tope.

Mjomba anaona maji mekundu ya Bubu wakati wa kifuku na kuyaogopa. Anaogopa yale yasiyo na shida sana. Tope lililobeba urani likitulia kwenye ndoo, urani nyingi hutulia nalo chini. Maji ya kuchunga zaidi kwa urani ni yale masafi, ya kung'aa, yaliyokaa ardhini muda mrefu. (Yale mekundu yana vijidudu, hilo ni jingine, na hayo yachemshe.)

Njiani kuna vizuizi. Mahali penye matete na tope jeusi linalonuka, oksijeni imekwisha. Bakteria wa humo na mabaki ya majani huifanya urani iliyoyeyuka igande. Ndiyo maana maeneo ya majimaji yenye majani mengi huwa machujio ya asili. Lakini chujio hili lina pande mbili: tope hilo likikauka, likapasuka, likachomwa moto au kulimwa, oksijeni inaingia, na mvua za kwanza zinaweza kuyeyusha tena sehemu ya kilichokuwa kimenaswa. Kwa hiyo kisima kifupi kilicho pembeni ya mbuga kinaweza kutoa majibu tofauti Aprili na Oktoba, na vipimo vyote viwili vikawa sahihi.

Sasa Bahi yenyewe. Mbuga hii iko kwenye bonde lililofungwa; maji yanaingia, njia ya kwenda baharini hayana. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, wakati jua na upepo vina uwezo wa kukausha zaidi ya milimita 2,000. Maji yanapanda hewani, kilichoyeyuka ndani yake kinabaki. Mwaka huu hivyo, mwaka ujao hivyo, maelfu ya miaka. Chokaa ndiyo huanza kuganda, na kuganda kwake kunapunguza ile bikaboneti iliyokuwa imeishika urani isianguke. Wakati huohuo potasi na vanadi (hii ni aina ya metali), ambazo nazo zilishuka kutoka kwenye miamba, zinazidi kukolea. Hizo mbili zikikutana na urani katika maji yaliyokolea vya kutosha, zinatengeneza madini ya njano mbichi yaitwayo kanotaiti, yanayojibanza kwenye nyufa na vishimo vya bonge la chokaa. Mahali kama hapo pako pia Australia Magharibi, huko Yeelirrie, na Namibia, Langer Heinrich. Huko nako ni nchi kavu, granaiti, chokaa na jua kali.

Mabonde mengine yaliyofungwa hayagandishi urani, yanaibakiza majini. Ziwa Issyk-Kul kule Kirgizistani, lililozungukwa na milima yenye theluji na lisilo na mto unaotoka, maji yake yana urani ya takriban mikrogramu 30 kwa lita (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu), wakati bahari ina kama 3.3. Hakuna kiwanda kilichoyaweka maji yake hivyo. Ni milima kushuka polepole na maji kukosa pa kutokea.

Nadhani umeshaanza kuona kwa nini sikubaliani na shemeji. Dalili za mionzi katika nchi yetu zilionekana tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ndege zilipopita kupima miamba kutoka angani. Kampuni zilizokuja baadaye zilifuata kilichokuwepo. Tena kanotaiti ni urani ambayo tayari imeshakutana na oksijeni. Kutoboa shimo hakuiamshi kutoka usingizini, kwa sababu haikuwa imelala. Uchimbaji wa mgodi Bahi wala Manyoni haukufanyika, ulikuwa ni utafiti tu.

Hata hivyo sitamkejeli shemeji, kwa kuwa ana hoja ambayo hajaisema vizuri. Shimo la utafiti lisilozibwa linaweza kuunganisha maji ya tabaka la juu, ambayo ni ya chumvi, na maji mazuri ya chini. Handaki la majaribio lililoachwa wazi hujaa maji kifuku, ng'ombe wakanywa, watoto wakaoga. Marundo ya udongo uliotolewa chini hupeperushwa na upepo wa Agosti. Kama kuna mashimo ya namna hiyo kijijini, yaorodhesheni na mahali yalipo, mpeleke barua ofisi ya kijiji na wilaya ili yazibwe. Hilo ni dai halali kabisa.

Je, urani ikiingia mwilini inafanya nini? Watu wakisikia neno hili wanafikiria bomu na saratani. Urani ya asili inatoa mionzi kwa unyonge, kwa sababu inaoza taratibu mno: nusu ya urani iliyopo leo itachukua miaka bilioni 4.5 kuisha. Kinachotangulia kudhuru ni kemia yake, kwa kuwa ni metali nzito, na kiungo kinachoumia ni figo. Ukinywa maji yenye urani, sehemu kubwa inapita na choo. Inayoingia kwenye damu huwa asilimia 1 au 2 hivi, na nyingi ya hiyo hutoka kwa mkojo ndani ya siku chache. Iliyobaki hukaa kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha muda cha mikrogramu 30 kwa lita ya maji ya kunywa, na kimewekwa kwa kuzingatia kemia hiyo, si mionzi. Zamani kilikuwa 15. Kiwango hiki kina nafasi ya usalama ndani yake: kunywa maji ya 40 mwezi mmoja si kuugua, lakini kunywa ya 200 miaka kumi ni jambo la kulisimamisha. Watoto wadogo, wajawazito na wenye kisukari, shinikizo la damu au tatizo la figo ndio wa kulindwa kwanza.

Kuwashwa ngozi, kuumwa tumbo, homa za mara kwa mara: hizo usiziwekee urani. Lakini ukiona uso au miguu inavimba, mkojo unatoa povu jingi au umepungua sana, nenda hospitali upimwe figo, usisubiri majibu ya maji. Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ina huduma za figo.

Kuchemsha, basi. Kunaua vijidudu, endelea kwa ajili hiyo. Urani haifi. Maji yakipungua kwa mvuke, iliyobaki inazidi kukolea, kwa hiyo chemsha mpaka yatokote kisha epua, usiyaache yakatokota nusu saa. Klorini haiondoi, wala chujio la mchanga. Kinachoondoa ni mashine za RO, zinazosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba, zile zinazotumika kwenye vibanda vya maji ya kuuza, na mitambo inayonasa chembe zenye chaji ya umeme majini na kuweka nyingine mahali pake. Ni ghali kwa nyumba moja, zinahitaji kutunzwa, na RO hutoa maji taka yaliyokolea ambayo lazima yatafutiwe pa kumwagwa. Kwa kijiji kizima inaweza kuwa na maana. Kabla ya kufika huko, tazama bati la nyumba yako. Maji ya mvua hayana urani ya kusemea. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, kisha kinga kwenye simtanki lenye mfuniko, na maji hayo yawe ya kunywa na kupikia uji wa watoto tu. Kisima kibaki cha kufulia, kuoga na mifugo. Visima vya mchanga kwenye makorongo navyo mara nyingi vina urani kidogo kuliko kisima kirefu kwa sababu maji yake ni machanga, ila vinyesi vya mifugo viko jirani. Hapo unabadilisha hatari moja kwa nyingine, na kuhara huua mtoto haraka kuliko urani. Visima hivyo ni lazima kuchemsha.

Mchele wa Bahi kuleni. Mpunga ukikutana na urani huibakiza zaidi kwenye mizizi, punje hupata kidogo sana. Samaki pia: kambale akiwa ametumbuliwa, ameondolewa matumbo na figo, akaoshwa tope lote, nyama yake si ya kutilia shaka. Dagaa wadogo wanaoliwa na matumbo na tope lake ndani wasafishwe zaidi. Jambo ambalo hukuniuliza lakini nalisema kwa kuwa wewe ni mama: udongo wa kula usichotwe mbugani. Ule mfinyanzi ndio hasa unaokusanya hivi vitu, na mjamzito anayekula vipande viwili kwa siku anaweza kumeza zaidi ya alichotaka kukikwepa kwenye maji.

Bonge la mwanao liweke nje, kwenye mfuko wa nailoni, mbali na jiko, na anawe mikono. Njano si lazima iwe kanotaiti. Kutu ya chuma ina njano yake pia, ya kahawia zaidi, na kuvu za mawe zina yao. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ipo Dodoma mjini, wapelekee wakutambulie. Hakuna haja ya kukusanya mengine, na msilisage.

Kuhusu kupima, msiende mtu mmoja mmoja. Pitieni jumuiya ya watumia maji na RUWASA wilaya, wakala wa serikali wa maji vijijini, kwa kuwa kisima ni cha wote na majibu yatahitaji mtu wa kuyafanyia kazi. Maabara ya maji ya wizara ipo Dodoma, na Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, ndiyo yenye dhamana ya mambo ya mionzi. Waulizeni kwanza wawape chupa zao, maana ya urani huwekewa tindikali kidogo ili isijibandike kwenye plastiki njiani. Siku ya kuchota, pampeni dakika kumi hivi maji yaliyolala kwenye bomba yatoke, suuzeni mara tatu kwa maji ya kisima chenyewe, isipokuwa chupa iliyokwisha kutiwa tindikali, hiyo haisuuzwi. Andikeni tarehe, jina la kisima na kina chake kama kinajulikana. Chukueni mara mbili: mwisho wa kifuku, na tena Oktoba au Novemba kabla ya mvua.

Msiombe urani peke yake. Ombeni na floridi, nitreti na jumla ya chumvi. Kanda ya kati ina visima vingi vyenye floridi nyingi, nayo inaharibu meno na mifupa ya watoto kwa namna inayoonekana kwa macho. Nitreti hutoka kwenye vyoo vya shimo na mazizi yaliyo karibu na kisima. Ningelazimika kuchagua cha kupima kwanza kijijini kwenu, ningeanza na floridi na nitreti, kwa bei ndogo, huku nikisubiri cha urani.

Karatasi ya majibu ikifika, angalia kipimo kabla ya kushtuka au kufurahi. Maabara nyingi huandika miligramu, si mikrogramu: 0.03 ya miligramu ndiyo 30 ya mikrogramu, kwa hiyo 0.005 ni salama na 0.08 imezidi. Ukikuta neno bekereli, hicho ni kipimo cha mionzi, kisilinganishwe na hivyo vingine; mwombe aliyekupa akusomee palepale. Ikiwa ni chini ya 15 kwa misimu yote miwili, endeleeni na kisima chenu, mpime tena baada ya miaka kadhaa au mkikichimba upya. Ikiwa kati ya 15 na 30, kunyweni, ila watoto wachanga wapewe maji ya mvua yanapokuwepo. Ikiwa imezidi 30, pimeni mara ya pili kuhakikisha, hamishieni maji ya kunywa kwenye chanzo kingine, na muwadai RUWASA wawatafutie kisima mbali na mbuga, upande wa juu wa mteremko, ambako maji hayajapata muda wa kukolea.

Ukipata majibu na yakakutatiza, niandikie na kina cha kisima na hizo namba zote, si ya urani tu.